Mwanafunzi aone kazi kwanza, au ajaze selform aendelee na masomo?

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne wanapojaza selform, ile fomu ya kuchagua vyuo na tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, mjadala uleule huzuka katika vikao vya wazazi vya shule za Nyamagana na Ilemela, jijini Mwanza. Wako wanaotaka shule iwapeleke wanafunzi bandarini, viwandani, hospitalini na vyuoni waone kazi zinavyofanyika kabla ya kuchagua. Wako wanaosema huko ni kupoteza muda: mtoto asome, afaulu, achague fani yenye ajira, na mengine atayaona mbele ya safari. Kundi la pili ndilo lenye sauti kubwa, na halikosi sababu. La kwanza hueleweka vibaya. Hudhaniwa linadai matembezi, au linaamini kwamba kila kijana ana kipaji kilichojificha ambacho ziara moja ya kiwandani itakiibua. Dai lake hasa ni dogo kuliko hilo, na kulijibu ni kazi zaidi: mtu hawezi kuchagua kazi ambayo hajui kama ipo.

Wapinzani wana hoja mbili za msingi. Ya kwanza ni mtihani. Shule hupimwa kwa matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani; mkuu wa shule huulizwa na wakubwa wake kuhusu waliopata sifuri, haulizwi kuhusu ziara. Mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule nyingi za kata ni mwalimu wa somo kama wengine, mwenye vipindi vyake na madaftari yake ya kusahihisha. Ya pili ni nzito zaidi. Mama anayeuza nyanya Igoma anapomwambia binti yake, "Mwanangu, wewe soma uuguzi, mengine achana nayo," amepiga hesabu. Anaijua miaka ya masomo, anamjua mwajiri, na anamjua binti wa jirani aliyepita njia hiyo na sasa anamlipia mdogo wake ada. Kwa familia ambayo ada ya mwaka mmoja ikipotea hairudi, njia iliyokwisha kukanyagwa ina thamani kuliko njia kumi zinazosimuliwa kwenye semina. Wahamasishaji wanaozunguka mashuleni wakihubiri "fuata ndoto yako" hawajamjibu mama huyu, na sidhani kama wanaweza.

Juu ya hoja hizo mbili huwekwa takwimu moja, na hapo mjadala hufungwa kabla ya wakati wake. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596 za kazi, na waombaji wakazidi 135,000. Ukigawanya, unapata karibu waombaji 85 kwa kila nafasi. Tangu hapo hesabu hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba ajira hakuna. Na kama ajira hakuna, kuna faida gani kumzungusha mtoto akiangalia kazi asizoweza kuzipata?

Takwimu hiyo inastahili kutazamwa vizuri kabla ya kuitwa shahidi. Waombaji 135,000 si watu 135,000 wasio na kazi. Anayeijua nchi hii anajua kwamba mwalimu wa shule binafsi, mhasibu wa duka la jumla, hata karani wa benki mwenye mkataba wa muda, wote huomba TRA nafasi zikitoka. Hilo ni la kwanza, nalo ni dogo. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba umati ule haukukutana mlangoni pa mwajiri mmoja kwa sababu ya mshahara peke yake. Ulikutana pale pia kwa sababu huyo ni mwajiri ambaye kila mtu anamjua kwa jina tangu utotoni. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne wa Mwanza akutajie waajiri: atataja serikali, benki, TRA, hospitali ya Bugando na mgodi wa dhahabu wa Geita, kisha ataanza kufikiri. Orodha fupi kiasi hicho lazima izae foleni ndefu. Uchache wa nafasi upo, na hakuna ziara itakayouondoa. Lakini takwimu inayotumiwa kuwanyamazisha wanaotaka orodha irefushwe ni, kwa kiasi fulani, zao la ufupi wa orodha hiyohiyo.

Tuchukue samaki, kwa kuwa ndio walio karibu. Kijana aliyekulia Kirumba anazijua kazi tatu za samaki: kuvua, kuchuuza na kuanika dagaa. Soko la Mwaloni humwonyesha hizo kila asubuhi, na hahitaji kupelekwa na mtu. Asichokiona ni kinachoendelea nyuma ya ukuta wa kiwanda cha minofu. Gari la barafu linapofika, kabla sangara hawajapokelewa, kuna mtu mwenye koti jeupe na mabuti anayechoma kipimajoto kwenye nyama nene ya samaki, anasubiri, anaandika nyuzi. Anafunua matamvua aone kama bado ni mekundu, anatazama jicho kama limezama, anapima urefu, kwa kuwa sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Sampuli hupelekwa maabara kutafutwa bakteria. Alichosoma mtu huyo ni kemia na baiolojia, na si lazima awe alikuwa wa kwanza darasani.

Kazi yake ina historia ambayo kila mwanafunzi wa mkoa huu angepaswa kusimuliwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia tuhuma za uvuvi wa sumu, na viwanda vya minofu vya nchi zote tatu za ziwa vikatikisika. Kurudi sokoni kulidai ukaguzi na vipimo ambavyo mnunuzi wa mbali angeviamini. Ndiyo maana leo iko maabara ya taifa ya uthibiti wa ubora wa samaki pale Nyegezi. Na nyuma ya kila shehena wako wakaguzi wa Idara ya Uvuvi, mafundi wa majokofu, watu wa nyaraka za forodha, na wafanyabiashara wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, wanaolijua soko la China kuliko wanavyolijua la Dar es Salaam. Hapohapo Nyegezi kuna FETA, chuo cha serikali kinachofundisha uvuvi, ukuzaji wa viumbe maji na uchakataji wa samaki. Wanafunzi wa Butimba na Mkolani wanaishi jirani nacho, na wengi wao ukiwauliza kinafundisha nini watakujibu, "kuvua." Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki, kizimba nacho kinahitaji mtu wa kupima oksijeni ya maji, wa kukadiria chakula kwa uzito wa sato, wa kujua kwa nini samaki wameanza kufa usiku. Tahasusi ya CBG itamfundisha mwanafunzi kemia, baiolojia na jiografia. Haitamwambia kwamba kazi hizo zipo.

Hapo ndipo wanaosema "asome kwanza, kazi ataziona baadaye" wanapopitwa na wakati, maana mfumo wenyewe umekwisha kuusogeza uchaguzi mbele. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49, jumla zikafika 65. Mzazi aliyezoea tahasusi za zamani kama PCM, PCB, HGL na EGM, ambaye angalau aliweza kuuliza kwa ndugu na majirani, sasa anakabidhiwa orodha ambayo hata baadhi ya walimu huisoma kwa mashaka. Mtaala mpya umeleta pia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, unaoanza kidato cha kwanza, hivyo mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne anaweza kujikuta kwenye useremala, umeme au kilimo kabla hajawahi kumuuliza seremala lolote. Siupingi mkondo huo, nadhani ulichelewa. Lakini haiwezekani kumtaka mtoto achague mapema zaidi, kutoka kwenye orodha ndefu zaidi, kwa maarifa yaleyale aliyokuwa nayo kaka yake mwaka 2015.

Mifano mingine naipitia haraka. Bugando, watoto huona daktari na muuguzi. Hawamuoni fundi wa vifaa tiba, mtaalamu wa mionzi, wala mtu wa kumbukumbu za wagonjwa. Katika Bandari ya Mwanza Kusini iliundwa meli ya MV Mwanza ya kubeba abiria 1,200. Mkandarasi alitoka Korea Kusini, ila meli hiyo itahitaji mafundi wa hapahapa kwa miaka yote itakayoelea. Ilemela kuna kampasi ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yenye mizizi katika teknolojia ya ngozi, katika kanda ambayo ng'ombe ni hesabu ya kila kaya.

Watetezi wa ziara wana kasoro yao, na wapinzani hawaitumii vya kutosha. Ziara nyingi huonyesha upande uliofagiliwa. Meneja anavaa tai, anatoa soda, anasifia nidhamu, na wanafunzi wanarudi bila kujua kwamba wengi wa wanaosimama kwenye meza za kukata minofu ni vibarua, ambao sangara wakiadimika ziwani wao ndio wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Ziara isiyotaja mshahara, aina ya mkataba na miaka ya kusubiri kupanda cheo ni tangazo la kiwanda. Swali la mama wa Igoma, "hiyo kazi inalipa na inadumu?", linapaswa kuulizwa na mwanafunzi mwenyewe, mbele ya mtu anayeifanya. Kwa maana hiyo mama huyo na watetezi wa ziara wako karibu kuliko wanavyodhani, kwa kuwa yeye alimchagulia mwanawe uuguzi baada ya kuuona kwa binti wa jirani. Alifanya uchunguzi, isipokuwa alikuwa na jirani mmoja tu wa kumchunguza.

Imebaki hoja ya muda, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo husemwa kwanza. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kidato cha tano huanza Julai. Katikati yake kuna zaidi ya miezi saba, na matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua dirisha la kubadili machaguo. Mwanafunzi ana muda, ana matokeo mkononi, ana ruhusa ya kubadili, na katika kipindi hicho hakuna kipindi cha darasani kitakachopotea wala daraja la shule litakaloshuka. Miezi hiyo sasa inaishia kwenye masomo ya kujiandaa na kidato cha tano kwa wenye uwezo. Kwa wengine inaishia dukani kwa mjomba, kwenye bodaboda ya kuazima, au nyumbani kulea wadogo. Kukaa siku chache na fundi, mkaguzi au mpima ardhi katika kipindi hicho hakuhitaji basi la kukodi wala kibali kirefu. Kunahitaji ofisi ya elimu ya wilaya iwe na orodha ya maeneo yaliyokubali kupokea vijana, na barua moja yenye mhuri.

Kikwazo cha kweli ni nauli, hasa kwa walio mbali na jiji. Mwanafunzi wa Mkolani atatembea hadi Nyegezi. Wa Sengerema, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hapotezi tena saa za kusubiri kivuko, lakini basi atalilipia. Wa Ukerewe atalipa kivuko kutoka Nansio na atahitaji pa kulala mjini. Halmashauri ambazo tayari hutenga fedha za kambi za kitaaluma kwa kidato cha nne zinaweza kuanza na hao wa visiwani, maana wao ndio wenye orodha fupi kuliko wote.