Mikseri ibaki Bukavu, mwiko uende na wewe

Dada zangu na kaka zangu wa Bukavu, Kongo, mnaofunga mizigo kuhamia ng'ambo, naona mtu akipata visa tu swali la kwanza ni vyombo vya jikoni, mikseri nibebe, resho (jiko dogo la umeme) nibebe, ile birika tulipewa ku ndoa nibebe, na mama mkwe yuko pale anasema usiache kitu, maana huko kila kitu ni bei kali. Mimi niko huku Gatineau, upande wa Quebec, na nasema wazi: kama unakuja Kanada ao Marekani, chombo cha jikoni chenye waya kiache nyumbani.

Sababu ya kwanza ni umeme wenyewe. Kwetu ni volti 220, huku ni 120. Birika ya wati 2000 yenye ilitengenezwa kwa 220, ukiichomeka huku haiungui lakini nguvu yake inashuka mpaka karibu wati 600, chini ya theluthi moja, watoto wanafika saa ya shule maji ya chai bado. Mikseri nayo inaguna, haizunguki vizuri. Na ile adapta ndogo wanauza viwanja vya ndege haibadilishi volti hata kidogo, inabadilisha miguu ya prizi basi. Yenye kubadilisha volti ni transfoma, na transfoma ya kuweza birika kama hiyo ni chuma kizito, kwa pesa yake unapata birika mpya ya huku na chenji inabaki, na bado haigusi hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde: kwetu ni 50, huku 60, mota nyingine zinakimbia kuliko vile zilipangiwa. Utasikia watu wanasema Kanada pia iko na 240. Ni kweli iko mu nyumba, lakini ni ya furu (oveni) kubwa na mashine ya kukausha nguo, prizi yake ni ya pekee, usianze kukata waya kwa ajili ya mikseri, nyumba si yako na moto hauna huruma.

Kwa hiyo geuza chombo, soma karatasi ndogo yenye imebandikwa chini. Ukiona 100-240V, 50/60Hz, hicho kinapita kila nchi, njo maana chaja ya simu na ya laptopu hazitusumbui. Ukiona 220-240V peke yake, kiache.

Wenye kwenda Ubelgiji ao Ufaransa mambo yao ni mepesi, volti 230, hezi 50, na prizi ni zile zile tumezoea. Uingereza volti ni sawa, prizi tofauti, adapta inatosha. Lakini hata hao ningewaambia waangalie mizani, juu valizi moja mara nyingi ni kilo 23, na kilo za mikseri ungeziweka sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Mama mkwe ana hofu ya bei na namuelewa. Ila vyombo huku havitafutwi dukani tu. Nyumba za kupanga za Ontario, jimbo jirani, kwa kawaida utakuta frigo na furu viko ndani. Quebec ni tofauti, nyumba nyingi unapewa kuta tupu, uliza kabla ya kusaini. Lakini Quebec hii iko na tarehe 1 mwezi wa saba, siku yenye watu wengi sana wanahama pamoja, na kando ya barabara unaona meza, mikrowevu, hata frigo, watu wameacha kwa mwenye kutaka. Na watu wa kanisa letu, ukisema tu umefika juzi, kila familia inatoa kitu.

Chenye hutakipata kirahisi ni vitu vya mkono. Mwiko wa bugali, ule mrefu, mgumu, wenye unaweza kusonga unga ya muhogo ya watu kumi bila kuvunjika, beba hata miwili. Miiko ya mbao ya maduka ya huku ni ya kukoroga supu, ukiweka nguvu inakatika. Chagua wa mbao safi, usiwe na gome wala matundu ya wadudu, na uwaambie watu wa forodha uko nao, pamoja na chakula chote. Kinu usisumbuke nacho, sombe (majani ya muhogo) yenye imeshatwangwa inauzwa imegandishwa mu maduka ya Waafrika, haifikii ile ya soko la Kadutu lakini inaliwa.

Sufuria hapa nisikilizeni vizuri, sana sana wenye watoto. Ile sufuria nzito ya alumini, mafundi wanayeyusha vyuma vya zamani wanaimimina, sote tumekulia juu yake. Kule Seattle, Marekani, watu wa afya walipima sufuria za alumini zenye familia za Afghanistan zilikuja nazo, wakakuta nyingi zinatoa madini ya risasi, sumu yenye inaharibu akili ya mtoto taratibu bila dalili ya haraka. Za Kamerun, zile za kuyeyusha vyuma, nazo zilipimwa, risasi ikaonekana. Mimi sibebi hiyo tena. Tena hata bila sumu, jiko la huku mara nyingi ni kioo bapa, sufuria ya chini mviringo inacheza cheza, ukisonga bugali inazunguka na wewe na kioo kinaweza kupasuka. Na kama jiko ni induksheni alumini haipati moto kabisa, inataka chuma chenye sumaku inanasa.

Mbabula, jiko la makala, pia wapo wanaoniuliza, juu ladha ya samaki ya makala hakuna furu inaweza kuileta, na ni kweli haiwezi. Lakini nyumba za huku zimefungwa kwa ajili ya baridi, hewa haitoki, na makala yakiwaka ndani yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu, haina harufu, familia inalala na haiamki. Makala ni ya nje, wakati wa joto, basi.

Sasa vyombo vyenye unaacha. Mimi sikubali ile tabia ya kuuza kila kitu haraka haraka wiki ya mwisho kwa bei ya kutupa. Frigo yenye kwako ilikuwa ya maji baridi, kwa dada yako inaweza kuwa biashara ya jusi na samaki. Iko na volti ya nyumbani, prizi ya nyumbani, na fundi anaijua. Na sisi wa huku tuache kutuma mikrowevu na birika za 120 kwa mama zetu, zikichomekwa ku 220 zinaungua siku ile ile, bora utume pesa wanunue pale pale soko la Nyawera.

Na ukimuachia dada frigo muachie na stabilizateri yake, ile ya kutuliza umeme, usiiuze kando, juu kule umeme unakatika, na ukirudi usiku unarudi na nguvu nyingi na mota ya frigo njo inaungua ya kwanza.