Talaka ianze kuhesabiwa lini?

Ukisikia nchi ya Kiislamu imerekebisha sheria ya ndoa, usiulize tu kama mitala imepigwa marufuku. Uliza hivi: mume akitamka talaka usiku huu sebuleni, kisheria mkewe ameachika lini?

Tunisia ilijibu tangu 1956. Kifungu cha 30 cha sheria yake ya familia hakitambui talaka nje ya mahakama. Tamko la sebuleni halihesabiwi.

Pakistani, kwa sheria ya 1961, inamtaka mume ampelekee mwenyekiti wa baraza la eneo taarifa ya maandishi, na mke apewe nakala. Tangu taarifa imfikie mwenyekiti, zinahesabiwa siku 90, na baraza hujaribu suluhu. Tatizo, kalamu anayo mume. Baada ya sheria ya zinaa ya 1979, wako wanawake walioolewa tena wakijua wameachika, kisha mume wa zamani akadai bado ni wake kwa kuwa taarifa haikupelekwa kamwe. Walioshtakiwa ni wao. Uzembe wa mwanamume ukawa jinai ya mwanamke, na hilo halivumiliki.

Misri inakubali talaka ya mdomo, ila tangu 1985 mume ana siku 30 za kuisajili. Mwaka 2017 wanazuoni wakuu wa Al-Azhar, taasisi kuu ya Kiislamu ya Misri, walikataa pendekezo la kutoihesabu talaka ya mdomo: kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, tamko lililotimiza masharti limeshapita. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mke anabaki bila karatasi, na bila karatasi atadaije nafaka ya eda, yaani matumizi yake ya kipindi cha kungoja baada ya talaka?

Ndiyo maana naipenda Moroko. Kwa sheria ya 2004, mume huomba kwanza idhini ya mahakama. Suluhu ikishindikana, hakimu hupiga hesabu: mahari iliyobaki, nafaka ya eda, kitoka nyumba (kiliwazo cha mke anayeachwa), haki za watoto. Mume ana siku 30 kuziweka fedha hizo mahakamani. Asipoziweka, anahesabiwa ameghairi, na ndoa ipo palepale. Fedha kwanza, talaka baadaye.

Lakini sheria hiyohiyo ina njia ya shiqaq, yaani mfarakano, iliyowafaa sana wanawake waliokosa ushahidi wa madhara. Iko wazi kwa wote wawili, na waume nao wameigundua: wanafungua shauri la mfarakano ili wakwepe kuweka fedha kwanza. Bunge la Rabat lina dawa rahisi: mume akiwa ndiye mdai, sharti la siku 30 limfuate hukohuko.