Mtoto wa Kingston alishika kodi za Ontario, mimi nyumbani naulizwa babu

Jumamosi asubuhi nilikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wangu, hapa Scarborough, Toronto, jimbo la Ontario, Kanada. Ya mwenye nyumba. Moyo ulinipasuka, nikajiona niko Sinza tena, maana aliyewahi kupanga Dar anajua ujumbe wa mwenye nyumba hauji na heri. Nikaifungua nimesimama, kanga begani, chai inapoa mezani.

Ilikuwa fomu ya kurasa mbili. Kodi yangu ni dola 1,640 kwa mwezi, itakuwa 1,681. Nyongeza asilimia 2.5, ambayo ndiyo serikali ya jimbo iliyoruhusu kwa mwaka 2025, na itaanza baada ya siku 90. Hairuhusiwi kunipandishia tena mpaka miezi 12 ipite. Basi. Hakuna "nataka mwaka mzima mkono mmoja." Hakuna "mwanangu anaoa, nipishe mwisho wa mwezi." Hakuna dalali anayedai chake kwa kukuonyesha chumba ambacho ulishakiona mwenyewe.

Nikashuka nayo kwa mama Mjamaika wa ghorofa ya pili. Humu ndani huyo ndiye mwenye kuyajua makaratasi, amepanga tangu miaka ya themanini. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, kisha akagonga kidole kwenye ile 2.5. Mwanangu, akaniambia, wakati nahamia hapa wapangaji wa majengo mapya kama hili hatukuwa na mtetezi. Sheria ya kudhibiti kodi ililinda majengo ya zamani tu, yaliyojengwa baada ya 1975 mwenye nalo anapandisha anavyojisikia. Aliyetuingiza kwenye sheria ni mtoto wa Kingston. Alisema "mtoto wa Kingston" kama bibi yangu anavyosema "mtoto wetu wa Kasulu."

Alikuwa anamsema Alvin Curling. Jina hilo nilikuwa nalisikia juujuu. Siku hiyo nililifuatilia mpaka usiku.

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1939, akahamia Kanada mwaka 1965. Alifanya kazi katika chuo cha Seneca upande wa huduma kwa wanafunzi, akawa pia rais wa World Literacy of Canada, shirika linaloshughulika na kufuta ujinga wa kutokujua kusoma. Mwaka 1985 akagombea ubunge wa Ontario hapahapa Scarborough, kaskazini yake, kwa chama cha Liberal. Akashinda. Ndio mwaka ambao chama cha Conservative kiling'oka Ontario baada ya miaka 42 mfululizo, na baraza la David Peterson, waziri mkuu mpya wa jimbo, lilipoapishwa Juni 26, Curling alikuwa Waziri wa Makazi. Mtu mweusi wa kwanza kuingia kwenye baraza la mawaziri la Ontario. Kwa anayesikia "jimbo" akafikiria Ubungo au Temeke: Ontario ina bunge lake, waziri mkuu wake, na kwa eneo inaizidi Tanzania nzima.

Nataka mtazame ni wizara gani. Makazi. Hawakumpa ngoma na vyakula vya wahamiaji, wakamwacha akate utepe kwenye matamasha. Walimpa kodi ya nyumba, kitu kinachomgusa tajiri mfukoni na maskini kitandani. Miaka 20 tangu aje, na lafudhi yake ya Kingston, akasimama mbele ya Bunge na muswada wa kuwaambia wenye majumba wa Toronto mwisho wa kupandisha ni hapa. Sheria ikapita mwaka 1986, majengo ya baada ya 1975 yakaingia. Imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, na majengo yaliyoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 wameyatoa tena kwenye ukomo. Lakini mama wa ghorofa ya pili anakumbuka nani alianza kumtetea.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa rohoni.

Mimi ni Muha. Nimezaliwa Kasulu, baba kazaliwa Kasulu, babu kafia Kasulu. Miaka michache kabla sijaondoka nilikwenda ofisi moja ya serikali kutafuta karatasi ambayo ni haki yangu. Kijana wa umri mdogo kuliko hata mdogo wangu akaitazama fomu, akaona "Kigoma," akaweka kalamu chini. Babu yako kazaliwa wapi? Nikamwambia. Una cheti chake cha kuzaliwa? Cha babu aliyezaliwa enzi za Mjerumani! Kisha akaniambia nihesabu kwa Kiha, moja mpaka kumi. Nikahesabu. Nilihesabu mbele ya foleni nzima, mtu mzima, mwalimu, mama wa mtoto mmoja. Nilipofika kumi akawageukia wenzake akasema, "Si mnasikia? Hicho ni Kirundi." Wakacheka. Nilirudi pale mara nne.

Watu wa mpakani, wa Kigoma, Ngara na Karagwe, hawahitaji nieleze zaidi. Wengine mnaweza kudhani ni visa vya wanyonge, basi mkumbuke mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu. Mtu aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya, akawa mbunge, akaanzisha magazeti, mwaka 2001 akaambiwa si raia. Baadaye ikabidi apewe uraia wa tajnisi katika nchi aliyoitumikia tangu ujana. Kwetu uraia umegeuka shuka: ukipendeza unafunikwa, ukikera unavuliwa.

Najua mtakalosema. "Huyu kala baridi ya Wazungu miaka sita, sasa anatuona washamba." Ngojeni. Pasi yangu ni ileile yenye bibi na bwana. Fomu ya kuomba uraia wa Kanada iko kwenye droo, mwaka wa tatu huu sijaijaza, kwa sababu siku nikiapa huku nyumbani nafutwa. Kanada imeruhusu uraia pacha tangu 1977, Kenya tangu katiba yao ya 2010, sisi bado. Hivyo huku simpigii kura hata diwani, na huko nyumbani nikifika naulizwa babu. Mwenye dharau na kwao asingekaa miaka mitatu anaitazama fomu kwenye droo.

Na kinachoniuma ni kwamba haya tulikuwa nayo sisi. Tulikuwa nayo kabla yao! Oktoba 1961, hata bendera haijapanda, Bunge letu lilijadili uraia, na walikuwepo waliotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya mtu. Nyerere alisimama akawaambia serikali yake itajiuzulu kama wataliamua hilo. Derek Bryceson, Mzungu aliyezaliwa China, alikuwa waziri katika serikali hiyo, na mwaka 1965 wananchi wenye kura zao wakamrudisha bungeni. Amir Jamal, mtoto wa Kihindi, alishika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi. Wizara ya Fedha, jamani, ufunguo wa hazina. Wakati huo Ontario ilikuwa haijawahi kumkalisha mtu mweusi hata mmoja kwenye baraza lake, na ingechukua zaidi ya miaka 20 mingine. Mama wa ghorofa ya pili nilipomweleza habari ya 1961 alivua miwani, akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika, mama. Nilikaa wima kwenye kiti chake siku hiyo.

Halafu mtu wa nchi hiyohiyo ananihesabisha kwa Kiha.

Kuna mwingine namsikia: "Kanada imejengwa juu ya ardhi ya wenyeji, na ubaguzi umejaa, acha kuwapamba." Nani kasema siwaoni? Mwaka wangu wa kwanza nilituma maombi ya kazi ya ualimu nikaambiwa sina uzoefu wa Kanada, kana kwamba watoto wa Kasulu walikuwa wanafundishwa kitu kingine kisichoitwa hesabu. Sasa natunza wazee, nawaogesha, nawalisha, na wapo wanaoukataa mkono wangu. Curling mwenyewe hakuwapamba. Mei 2007 mwanafunzi wa miaka 15 alipopigwa risasi ndani ya shule Toronto, serikali ya jimbo ilimteua Curling pamoja na jaji wa zamani Roy McMurtry kuchunguza mizizi ya ukatili miongoni mwa vijana. Ripoti yao ya 2008 ilitaja ubaguzi wa rangi waziwazi kuwa mzizi mmojawapo, pamoja na umaskini na nyumba mbovu. Serikali ilimtuma Mjamaika aende kuitazama aibu yake, akairudisha imeandikwa na saini yake chini. Hapo ndipo ninapopasifu. Sisi mtu wa asili ya nje akitaja aibu yetu, jibu la kwanza ni "rudi kwenu."

Usiku wa Desemba 6, 1995 ndio ulionimaliza kabisa. Wakati huo Liberal wako upinzani, serikali ni ya Mike Harris wa Conservative, na imeleta Muswada wa 26, muswada mmoja mnene unaobadilisha sheria kadhaa kwa mkupuo, za hospitali, za halmashauri, inataka upite haraka bila wananchi kusikilizwa. Bunge lile mbunge hupiga kura kwa kusimama jina lake likiitwa. Lilipoitwa jina la Curling, hakusimama, na kanuni haziruhusu mbunge aliyemo ukumbini kukaa asipige kura. Spika akamwamuru atoke nje. Hakutoka. Wapinzani wenzake, Liberal na NDP, wakamzunguka kiti chake wakasimama kama ukuta, mpambe wa Bunge asimfikie. Wakakesha naye mpaka kesho yake, na mwisho serikali ikakubali muswada upelekwe kwa wananchi watoe maoni mwezi Januari.

Nililisoma hilo mara mbili, nikitafuta mahali ambapo mtu anasimama na kumwambia: wewe ni wa kuja, nani kakupa ubavu wa kuzuia Bunge letu? Sikupaona. Walimkasirikia kama mbunge anavyokasirikiwa. Na mwaka 2003 chama chake kiliporudi madarakani, mtu huyohuyo aliyemgomea Spika akachaguliwa kuwa Spika, mweusi wa kwanza kukalia kiti kile. Mwaka 2005 wakamtuma kuwa balozi wa Kanada Jamhuri ya Dominika. Ametoka Karibiani kijana, amerudi Karibiani na bendera ya nchi nyingine, na Jamaika hawakumwita msaliti. Mama wa ghorofa ya pili anacho kipande cha gazeti cha siku zile ndani ya Biblia yake.

Msije mkaniambia nchi maskini haiwezi. Uungwana huu tulikuwa nao tukiwa maskini kuliko leo. Na bado tunao pale tunapotaka. Mimi nimekulia na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani kwetu, najua watu wangapi wameingia kwa miguu wakapewa pa kulala. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi takribani 162,000 waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, wale wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu 162,000 kwa pamoja! Hakuna mtu wa Ontario ninayemwogopa katika mazungumzo ya ukarimu nikishaitaja namba hiyo. Huwa naisema kwa sauti, kazini, wakati wa chakula.

Kisha najiuliza wako wapi kwenye vitabu vyetu vya uongozi. Curling alichukua miaka 20 kutoka uwanja wa ndege mpaka wizarani. Watu wa Katumba wamelima tumbaku na mahindi yetu zaidi ya miaka 50. Mkinitajia waziri mmoja aliyesimama jukwaani akasema kwa kujiamini, "Mimi ni mtoto wa Katumba, wazazi wangu walikuja na mzigo kichwani," nitafuta maandishi haya yote leo usiku na kuomba radhi.

Dada mmoja kutoka nyumbani aliniambia kwenye simu kwamba najisumbua, siasa si za watu kama sisi, niwe na shukrani nina nyumba yenye joto. Ninayo shukrani, dada. Lakini kodi yangu imeongezeka dola 41 badala ya 400 kwa sababu mtu kama sisi hakukubali kwamba siasa si zake.

Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 2014, vyeti vile vilipokuwa vinatolewa, mwaka 2035 atakuwa na miaka 21. Ndio umri ambao katiba yetu inamruhusu kugombea ubunge, na 2035 ni mwaka wa uchaguzi. Atakwenda kuchukua fomu. Nataka mniambie, ninyi mnaoniita mwenye maringo: nani atakuwa amekaa nyuma ya ile meza siku hiyo, na atamwambia ahesabu kwa lugha gani?