Nia Njema Haitoshi: Utetezi katika Kesi za Kuingia Kompyuta Bila Idhini

Oktoba 1993, katika ofisi za Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, jimboni Oregon, Marekani, msimamizi mmoja wa kompyuta aliona programu iitwayo Crack ikiendeshwa kwenye mashine ya kampuni. Kazi ya Crack ni kubahatisha nywila. Mifumo ya Unix ya wakati ule haikuhifadhi nywila jinsi mtumiaji alivyoiandika. Iliivuruga kwa hesabu isiyorudishika nyuma, ikahifadhi matokeo tu. Crack ilichukua neno la kamusi, ikalivuruga kwa hesabu ileile, kisha ikalinganisha na kilichomo kwenye faili. Yakifanana, nywila imepatikana. Yasipofanana, linafuata neno jingine, mara limegeuzwa herufi, mara limebandikwa tarakimu mwishoni, na mashine haichoki.

Aliyeiendesha hakuwa mtu wa nje. Randal Schwartz alikuwa fundi wa mkataba aliyeifanyia Intel kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na jina lake lilikuwa kubwa miongoni mwa wanaoandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Kampuni iliita polisi. Mwaka 1995 alitiwa hatiani kwa makosa matatu chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya Oregon, akapewa kifungo cha nje cha miaka 5, saa 480 za kuitumikia jamii, na amri ya kuilipa Intel fidia ya takriban dola 68,000. Hakupatikana ameuza nywila hata moja.

Kwa waliomtetea, hayo yalitosha: fundi alikuwa anapima usalama wa mwajiri wake, mwajiri akamgeuka. Ukisoma hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Oregon ya mwaka 2001, habari haijanyooka hivyo. Mwaka 1992 Schwartz alitofautiana na mwenzake kuhusu mfumo wa barua pepe wa kitengo cha kompyuta kubwa, akaamua kuacha kazi ya kitengo hicho na kuhamia kingine humohumo Intel. Akaunti zake za kitengo cha zamani zilifungwa zote isipokuwa moja, kwenye kompyuta iliyoitwa Brillig, ambayo ilisahaulika. Alikohamia alionywa kwa sababu aliweka programu ya kumwezesha kuingia kutoka nje ya kampuni, jambo lililokiuka kanuni za usalama. Kisha ikaja Crack. Kwenye Brillig alipata nywila ya mtumiaji mwingine, akaitumia kuingia ilhali akijua hana ruhusa, akanakili faili la nywila za kitengo kizima na kuzifumbua zaidi ya 35, ya meneja mkuu ikiwamo. Alikusudia kuonyesha kwamba usalama umelegea tangu aondoke, na hivyo kurudisha heshima yake. Baadaye akatambua kwamba amevuka mpaka. Hakumwambia mtu. Alikwenda California kufundisha, na aliporudi akaiendesha tena Crack kwenye mashine yenye kasi zaidi.

Kwa maoni yangu kilichomwangusha ni ule ukimya, zaidi hata ya ile nywila ya mtu mwingine. Fundi anayepima usalama ana mtu anayemtarajia alete ripoti. Kama hakuna anayetarajia ripoti na ripoti yenyewe haikuandikwa, wakili hana cha kushika zaidi ya maneno ya mteja wake, na maneno hayo yamekuja baada ya kukamatwa.

Mawakili wake hawakuegemea nia peke yake. Walisema sheria ya Oregon ilikuwa na maneno mapana mno, kiasi kwamba mtu wa kawaida hawezi kujua mwisho wa ruhusa yake uko wapi. Walisema pia kwamba hakuna kilichoibwa: Intel ilibaki na faili lake na nywila zake zote. Hoja hii ya pili inavutia, maana wizi tuliouzoea ni ule ambao mwenye mali anaamka hana kitu. Mahakama ilikataa. Ilisema thamani ya nywila iko katika kujulikana na mmoja tu, kwa hiyo anayeinakili ameichukua thamani hiyo hata kama maandishi yamebaki palepale. Sioni pa kuipinga.

Lakini upande wa utetezi una jambo zito ambalo mahakama haikulipa uzito unaostahili. Katika kazi ya kusimamia kompyuta, ruhusa haiko kwenye karatasi. Msimamizi hushinda akifungua mafaili ya watu, akibadili mipangilio, akijaribu kama nywila za wafanyakazi ni dhaifu. Ukimuuliza nani amemtuma atakujibu kwamba hakuna aliyemkataza. Mazoea ya ofisi ndiyo idhini yake. Sasa siku bosi na fundi wakikosana, mazoea yaleyale yanaweza kusomwa upya kwa jicho la polisi. Anayetafsiri mipaka ya ruhusa ni mwenye kompyuta, ambaye ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, na ndiye anayedai fidia.

Upande wa mashtaka nao una jibu, na si dogo. Mahakama ikikubali kwamba "nilikuwa napima usalama" ni utetezi kamili, kila mwizi atakayekamatwa kabla ya kuuza alichochukua atakuwa mpima usalama. Moyo wa mtu hauonekani. Kinachoonekana ni nywila ya mtu mwingine iliyotumika bila yeye kujua.

Miaka 20 na zaidi baadaye, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilijaribu kuitoa mizani hii kwenye nia na kuihamishia mahali pengine. Nathan Van Buren alikuwa sajenti wa polisi huko Georgia. Mtu mmoja, aliyekuwa akishirikiana kwa siri na FBI, alimlipa takriban dola 5,000 ili atafute namba ya gari kwenye hifadhidata ya polisi. Van Buren aliingia kwa akaunti yake halali, akatafuta. Alihukumiwa miezi 18 chini ya sheria ya shirikisho ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 1986. Utetezi wake ulikuwa mwepisi kuusema: nilitumia vibaya nilichoruhusiwa kukiona, lakini niliruhusiwa kukiona. Tarehe 3 Juni 2021, majaji sita kati ya tisa walikubaliana naye. Jaji Amy Coney Barrett aliandika kwamba swali ni kama mlango uko wazi au umefungwa kwa mtu huyo. Ukiwa wazi, sababu yake ya kuingia haimfanyi mvamizi wa kompyuta. Vinginevyo, alisema, sheria ingewageuza wahalifu mamilioni ya watu wanaotumia kompyuta ya ofisi kwa mambo yao binafsi.

Jaji Clarence Thomas, kwa niaba ya watatu waliopinga, alileta mfano wa mfanyakazi wa kuegesha magari: umempa ufunguo, ana haki ya kuliendesha gari lako hadi maegesho, lakini hana haki ya kulitembelea mjini. Mfano huo una nguvu, na ndio unaomkaa kichwani mtu yeyote ambaye taarifa zake ziko kwenye hifadhidata ya serikali. Mwenye namba ya gari anayetafutwa na sajenti aliyehongwa hapati faraja akiambiwa kwamba mlango ulikuwa wazi.

Hata hivyo naona Barrett alikuwa sahihi. Sajenti aliyepokea pesa ana makosa yake mengine, rushwa ikiwa ya kwanza. Sheria ya kulinda kompyuta haikutungwa kuziba kila tundu la maadili ya kazi. Kasoro ya hukumu iko kwingine: katika tanbihi moja, majaji waliacha wazi kama "mlango" maana yake ni kizuizi cha kiufundi tu, au pia katazo lililoandikwa kwenye mkataba au kanuni za kampuni. Hilo ndilo hasa ambalo mtu kama Schwartz angehitaji kujua, na mahakama ililipita.

Uingereza iliupitia ugomvi huu mapema zaidi. Mwaka 1997 askari polisi wawili, mume na mke, waliachiwa baada ya kujipatia taarifa za magari kutoka kompyuta ya taifa ya polisi kwa mambo yao binafsi, na sababu zilizotolewa zinafanana sana na za Barrett. Miaka miwili baadaye, 1999, Bunge la Mabwana likikaa kama mahakama liliamua kesi iliyomhusu mfanyakazi wa American Express aliyefungua akaunti za wateja ambao hakupangiwa. Likasema ruhusa ya kuona taarifa za aina fulani haimaanishi ruhusa ya kuona kila taarifa ya aina hiyo.

Haya yanatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, kifungu cha 14, inaeleza ufikiaji usioidhinishwa kwa maneno yanayofuata nyayo za sheria ya Uingereza. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini kosa lenyewe linadai mambo mawili ambayo wakili makini hatayaachia: mshtakiwa awe amevunja hatua za usalama, na awe alijua kwamba hana idhini. Kwa maneno mengine, Kenya imeurithi ufafanuzi wa Uingereza, kisha ikaweka mbele yake mlango wa Barrett. Karani anayechungulia faili asilopangiwa, kwa nywila yake mwenyewe, ana cha kusema mbele ya hakimu wa Nairobi: hatua gani ya usalama nimeivunja?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haimpi nafasi hiyo. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwa makusudi na kinyume cha sheria, bila kutaja kizuizi chochote. Halafu kuna kifungu cha 5, ambacho watu wa kompyuta wangefanya vizuri kukisoma kabla ya kuhama kazi: ni kosa kubaki ndani ya mfumo au kuendelea kuutumia baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Akaunti iliyosahaulika kufungwa, kama ile ya Brillig, hapo si mlango wazi. Muda wako umekwisha, na uzembe wa aliyesahau kuifunga haukupi ruhusa. Utetezi unaobaki ni neno "kwa makusudi", na neno hilo linafaa kwa simu iliyojiunganisha yenyewe na barua pepe ya ofisi ya zamani. Kwa mtu aliyeketi akaandika nywila, halifai.

Zipo pia kinga zisizogusa hatia kabisa. Andrew Auernheimer, mtu ambaye siasa zake za chuki zinamfanya awe mgumu kumtetea, alifungwa miezi 41 mwaka 2013. Mwaka 2010 yeye na mwenzake walikusanya anwani za barua pepe za watumiaji wa iPad takriban 114,000 kutoka tovuti ya kampuni ya simu ya AT&T, ambayo ilizitoa kwa yeyote aliyebahatisha namba ya kifaa. Hapakuwa na nywila wala kufuli. Swali la kama huko ni kuvamia lilikuwa tamu kwa wanasheria, lakini Aprili 2014 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu kwa sababu kesi ilifunguliwa New Jersey, ambako hapakuwa na mshtakiwa wala seva. Aliachiwa, na swali likabaki bila jibu.

Mei 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba waendesha mashtaka wasiwashtaki watafiti wa usalama wanaofanya kazi kwa nia njema. Ni hatua nzuri, ila ni mwongozo wa ndani. Haumfungi mwendesha mashtaka wa jimbo, na Schwartz alishtakiwa na jimbo.

Ndiyo maana wapima usalama wa leo hawaanzi kazi bila barua iliyosainiwa. Barua hiyo nayo ina tundu lake. Septemba 2019, wafanyakazi wawili wa kampuni ya usalama ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama la kaunti ya Dallas, Iowa. Idara ya mahakama ya jimbo ndiyo iliyowaajiri wajaribu kama jengo na mitandao vinaweza kuingilika, na barua walikuwa nayo mkononi. Mkuu wa polisi wa kaunti aliwaambia kwamba jengo ni la kaunti, na jimbo haliwezi kumruhusu mtu aingie kwenye nyumba isiyo yake. Walilala rumande, wakashtakiwa kwa kuvunja jengo, na mashtaka yakafutwa Januari 2020. Kwenye kompyuta mkanganyiko huu ni mkubwa zaidi. Benki inaweza kusaini barua, kumbe seva ni ya kampuni ya kukodisha hifadhi iliyoko nchi nyingine, na programu ni ya mkandarasi wa tatu. Wakili atakayekuja kukutetea atataka kuona jina la aliyesaini, kisha atauliza kama mtu huyo alikuwa na mamlaka juu ya mashine ile uliyoigusa.