Waranti ya nyongeza ya gari huku Marekani, maneno kwa watu wa Malindi wenzangu

Nasema wazi toka mwanzo ili asiye na wakati asome hapa tu: kama gari yako bado iko ndani ya waranti ya kiwanda, na ile waranti ya nyongeza umetiliwa ndani ya mkopo wa gari, ikanseli, na uikanseli mapema. Wako watu wachache wanaofaa kubaki nayo na hao nitawataja, lakini wengi wetu tuliotoka pwani tukaja kufanya kazi huku Ohio hatumo.

Mtoto wa ami yangu amechukua gari mpya juzi hapa Columbus, karudi nyumbani na makaratasi mengi kama ya shamba, na ndani ya yale makaratasi mna dola 3,000 za kitu ambacho yeye mwenyewe alidhani ni bima. Si bima jamani. Bima inalipa ukigonga au ukigongwa au gari ikiibiwa, hii inalipa kitu kikifa chenyewe ndani ya gari, tena si kila kitu. Na kisheria hata si waranti, ni mkataba wa matengenezo unaouziwa kwa bei yake mbali na gari, na mara nyingi anayelipa fundi si dila aliyekuuzia wala si kiwanda kilichotengeneza gari, ni kampuni ya tatu iliyoandikwa jina lake ukurasa wa nyuma huko. Kijana hakuelezwa hayo. Aliwekwa kwenye kiofisi cha mwisho, kashachoka, kashakaa pale tangu asubuhi, ndo anaambiwa ni dola hamsini na kitu tu kwa mwezi.

Sasa mi namuelewa kwa nini alitia sahihi, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kwetu Malindi nani amewahi kuwaza waranti? Kuna wanaonunua gari mpya kwa dila na wakapewa waranti yao Kenya, sikatai, lakini wengi wetu gari zetu zimetoka Japani mkono wa pili, sheria inataka isizidi miaka 8, inashuka bandarini Mombasa na kuanzia pale ikizima imezima mikononi mwako. Waranti yako ni fundi. Na fundi wa kwetu ni mtu anayeijua gari yako kama anavyowajua wanao, unapita tu barabarani Maweni hujasimama anakupigia kelele beringi ya mbele imekufa hiyo, usifike nayo Kilifi! Unampelekea, analala chini ya gari nusu siku, ufundi wenyewe ni pesa ndogo tu, unamtumia nusu kwa M-Pesa leo na nusu mwisho wa mwezi. Kinachouma ni spea. Na akikuharibia mtaonana, kwa sababu mnasali msikiti mmoja na watoto wenu wako chuo kimoja, hana pa kujificha na wewe huna pa kujificha ukimkalia na pesa yake.

Lakini tusidanganyane pia, maana nasikia wenzetu huku wakizungumza habari za nyumbani kama kwamba kule hakukuwa na shida. Spea feki zimejaa. Unanunua injini ya ex-Japan Mombasa, unaisafirisha kilomita mia na ishirini hivi mpaka Malindi, inafungwa, inakula oili wiki ya pili, ukirudi kwa aliyekuuzia anakuonyesha maandishi ukutani kwamba kitu kikishauzwa hakirudi. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata kitu chenye ubora unaostahili na kulipwa fidia akipata hasara, haki iko na imeandikwa vizuri, ila nani atafunga safari ya kortini kwa ajili ya pampu ya maji? Mtu anameza anaenda zake. Kwa hiyo kule una mtu wa kumshika na huna karatasi, huku una karatasi na huna mtu wa kumshika, na mgeni akifika huku akaona karatasi ina nembo na saini anaona hii ndo afadhali, kumbe hajaisoma.

Na woga wake una sababu. Huku hesabu imegeuka, ufundi ndo ghali. Dila anahesabu kwa saa, dola 150 kwa saa ni jambo la kawaida na wengine wanapita hapo, giaboksi ikifa ni maelfu ya dola, na bila gari hapa Columbus huendi kazini, mabasi yapo lakini ghala unalofanyia kazi liko nje ya mji na zamu inaanza saa kumi alfajiri. Malindi gari ikifa unapanda tuktuk, maisha yanaendelea. Huku gari ikifa mshahara unakufa nayo. Ule woga ndo wanaouuza pale kwenye kiofisi, na watu wanaununua kwa bei kubwa.

Haya tuangalie bei. Dola 3,000 ukizitia kwenye mkopo wa miezi 72 kwa asilimia 9 ni kama dola 54 kwa mwezi, na ukimaliza umelipa karibu 3,900. Yaani dola 900 hivi ni riba, ya kitu ambacho hujakitumia. Kwa sisi tunaojitahidi kuikimbia riba, na wengi tumeingia kwenye mkopo wa gari kwa kukosa njia, kuongeza riba nyingine juu kwa hiari yako ni jambo la kukaa nalo ukajiuliza.

Alafu ile miaka. Anakwambia miaka 7, lakini mikataba mingi ya gari mpya inaanza kuhesabu siku uliyochukua gari, na siku hiyohiyo waranti ya kiwanda nayo inaanza bure. Toyota na Honda wanatoa miaka 3 au maili 36,000 kwa karibu gari nzima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini, giaboksi na vile vinavyozungusha magurudumu. Hyundai na Kia injini na giaboksi ni miaka 10 au maili 100,000 kwa mwenye gari wa kwanza. Kwa hiyo ile miaka ya mwanzo unalipia kitu ambacho kiwanda kishakupa. Usiniambie utaikuta mbele, maana gari ya mtu wetu haifiki mbele hivyo, anaendesha mno, maili zinaisha kabla miaka haijaisha, na waranti hufa kwa kile kinachotangulia.

Sasa vile visivyolipwa. Breki padi, tairi, betri, waipa, hivyo vyote vinavyokwisha kwa kutumika havimo, na hivyo ndivyo utakavyobadilisha mara kwa mara. Kutu haimo pia kwa kawaida. Na kutu ni habari yetu sisi, tumezaliwa nayo, upepo wa bahari Malindi unakula mabati na vyuma mpaka bawaba za mlango, ukivuka daraja la Sabaki ukaenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi unaona magari yalivyoliwa chini. Nilidhani huku bara mbali na bahari nimeepukana nayo, kumbe Ohio baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, magari yote yanaogelea kwenye maji ya chumvi miezi mitatu minne, mabomba ya breki yanaoza, fremu inaoza. Kile hasa kitakachoila gari yako hapa ndicho hawakilipi. Osha gari chini kila wiki wakati wa baridi, itakusaidia kuliko ile karatasi.

Jingine, na hili liwafikie vijana wote: wangapi wetu wanafanya Uber jioni au wanapeleka vyakula wikendi? Mikataba mingi haigusi gari inayofanya biashara. Unalipa kila mwezi, siku giaboksi imekufa wanaangalia maili zako wanauliza unafanya kazi gani, na simu yako yote ni safari za abiria. Soma ukurasa wa vitu visivyolipwa kwanza, kabla hata ya ule wa vinavyolipwa.

Na risiti. Sisi oili tunabadilishiana uani, kuna mtu wetu mzuri kabisa anafanya nyuma ya nyumba yake, na hiyo si kosa, sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss inakataza kiwanda kukunyima waranti yake ati kwa sababu sevisi hukufanya kwa dila. Ila risiti ya oili na filta weka, andika tarehe na maili, piga picha. Maana ikija siku ya kudai watakuuliza ushahidi wa sevisi, na fundi wa uani hana muhuri.

Zile simu za kuambiwa waranti ya gari yako inakwisha ndo usizisikilize kabisa. Zilizidi mpaka mwezi wa 7 mwaka 2022 tume ya mawasiliano, FCC, ikaziamuru kampuni za simu zizizuie. Na mwaka 2024 CarShield, kampuni inayouza mikataba hii, ambao matangazo yao kila mtu ameyaona kwenye TV, walikubali kulipa dola milioni 10 kwenye kesi ya tume ya biashara, FTC, kuhusu matangazo ya kupotosha. Waliokuwa wakiyaamini ni watu kama sisi wasio na akiba.

Akiba sasa. Kila ukiuliza huku unaambiwa kanseli, zile pesa weka pembeni ziwe za kutengenezea gari. Maneno mazuri, ila aliyeyatunga hana watu Malindi. Pesa yetu ya pembeni haikai pembeni. Mama anahitaji kupelekwa Mombasa hospitali, ada ya shule ya mtoto wa dada, kuna msiba, kuna harusi, na wewe ukijua benki una dola elfu mbili hutaweza kusema sina, roho haikubali na mi sitaki roho yako ikubali. Kwa hiyo nimesikia watu wakisema bora wabaki na ile waranti kwa sababu angalau ile pesa imefungwa. Hoja hiyo naiheshimu, ni ya kweli. Lakini iko njia rahisi kuliko kumlipa mtu riba akufungie pesa. Waambie watu wa nyumbani ukweli kwamba gari hii ndo inayoleta ile pesa ya kila mwezi, ikilala na wao wamelala, kwa hiyo kuna kiasi ambacho ni cha gari na hakiguswi. Mi niliwaambia wangu kwa simu, ami yangu ambaye aliendesha lori Malindi mpaka Garsen miaka mingi ndo aliyeelewa wa kwanza, akasema gari ya biashara ina fungu lake na mwenye kulila fungu la gari amekula gari. Toka hapo hakuna aliyenilaumu. Sisi hatuwaambii watu wetu hesabu za huku, tunawatumia tu picha, alafu tunalalamika hawajui.

Ukiamua kukanseli, fanya kwa maandishi. Wengi wanarudisha pesa yote ukiwahi siku 30 au 60 na hujadai chochote, baada ya hapo wanarudisha kwa kadiri ya muda au maili zilizobaki na wanakata ada kidogo. Dila akikwambia haiwezekani, mkataba wenyewe una ukurasa wa kukanseli, mpigie aliyeandikwa mle ndani. Akikwambia benki haitakupa mkopo bila waranti, ipigie benki uiulize mwenyewe. Piga picha ya maili kwenye dashibodi siku unayoandika barua, weka nakala. Na ujue pesa haiji mfukoni mwako, kama ilikuwa kwenye mkopo inakwenda benki kupunguza deni, malipo ya mwezi yanabaki vilevile ila deni linaisha mapema, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa piga simu uhakikishe deni limeshuka kweli. Mtoto wa ami amepeleka barua, bado yuko ndani ya siku zake, gari yake mpya na safari zake ni nyumba na kazi.

Waliobaki nayo na mi nikawaunga mkono, yuko dada mmoja wa Lamu hapa, ana gari ya Kijerumani mkono wa pili, waranti ya kiwanda imekwisha, anafanya zamu ya usiku hospitali peke yake na watoto wawili nyumbani, mkataba wake ni wa kiwanda chenyewe na aliulipa taslimu bila mkopo, na kila gari ikiingia gereji anatoa dola 100 tu yeye. Gari ile sensa moja tu ni mamia ya dola. Nilimwambia dada kaa nayo, ila ile faili ya risiti usiiache kwenye gari, iweke ndani.