Kitabu cha shetani, jajuok, na mambo ya kuchekelea

Wikendi tulikuwa kwa kakangu huku Manyatta, Kisumu, vijana wake wawili wamefunga shule na wamekwama kwa tamthilia moja ya Kanada ya kitambo kidogo, Todd and the Book of Pure Evil, ilianza 2010 ikaisha 2012, sizoni 2 tu. Shemeji akapita na sufuria ya omena, akaona damu imejaa kwa skrini na hawa wanacheka mpaka wanakohoa. Akazima. Ubishi ukaanza hapo na mimi enyewe nilielewa pande zote.

Stori iko hivi: shule inaitwa Crowley High, kuna kitabu cha uchawi kinajitafutia mwanafunzi mwenye shida, yule anachekwa, yule anataka demu asiyemtaka, kinampa kile anaomba halafu kinamgeukia. Todd kwa epi ya kwanza anaomba tu awe hatari kwa gita, mwishowe beste yake Curtis anapoteza mkono. Na yule wa kushauri wanafunzi, huku tungesema mwalimu wa gaidansi, kumbe yuko ndani ya kikundi cha kuabudu shetani.

Shemeji alishika hapo kabisa. Yeye alisoma bweni miaka ya tisini, na kama umesahau, Moi aliunda tume 1994 kuchunguza ibada ya shetani Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ripoti ikawekwa wazi 1999, na shule zilitajwa sana kwa hayo maneno. Sasa mtu kama huyo ukimwambia mwalimu mshetani ni komedi, atacheka aje na hiyo ndio ilikuwa hofu yake kila taa zikizimwa bwenini?

Lakini vijana nao wana pointi. Kucheka na kuogopa kwa mpigo mmoja si kitu tumeletewa na Wazungu. Jajuok, yule mkimbiaji wa usiku wa Waluo, ni nini? Mtu mzima, mchana mnasalimiana vizuri sokoni, usiku anavua nguo anakimbia kwa boma za watu, anarusha mawe juu ya mabati, anakwaruza mlango, na nyinyi ndani mmeziba pumzi hakuna anayetaka kutoka hata kukojoa. Asubuhi ikifika ni kicheko kijiji kizima, mtu anaigiza venye alikimbia, na hata kama mnamshuku fulani mnamwachia chai yake anywe. Hicho kicheko kinafanya kazi: mnaweza kuishi na huyo jirani.

Penye hakuna kicheko ndio mimi huogopa. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, si mbali na hapa, wanawake 4 wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Hakuna aliyekuwa anafanya mzaha siku hiyo. Ndio maana hii tamthilia naipa alama kwa kitu kimoja: ubaya unaanza na tamaa ya mwanafunzi mwenyewe, yeye ndiye aliomba, hakuna nyanya wa kuchomewa nyumba.

Sasa, isiwe nimeisifu sana. Mzaha mwingine ni wa bei rahisi tu, kuna msichana mnene anaomba akonde, mafuta yakitoka yanageuka zimwi, na mimi hapo sikujua kama tunacheka zimwi ama tunacheka msichana. Halafu wanafunzi wanakufa ovyo, epi inayofuata masomo yanaendelea, hakuna matanga, hakuna mchango, hakuna mzazi kwa geti. Kwa kijana wa fomu mbili hiyo inaweza kufanya kifo kikae kama kamchezo, hapo shemeji hakukosea.

Jioni aliwasha tena mwenyewe, kwa masharti kwamba anakaa hapo hapo, akila omena zake na kuuliza kila dakika mbona mamake Curtis hajaenda shule kuulizia mkono wa mtoto.