Kaimu rais asiye na mpini: Li Zongren na mazungumzo ya Beiping, 1949

Mapema mwaka 1949, serikali ya China ikiwa vitani na Wakomunisti, Kaimu Rais Li Zongren aliagiza Zhang Xueliang aachiwe. Huyu ndiye jenerali aliyemteka Chiang Kai-shek mjini Xi'an mwaka 1936, na sasa alikuwa kizuizini Taiwan. Hakuachiwa. Gavana wa Taiwan, Chen Cheng, alikuwa mtu wa Chiang, aliyeteuliwa naye wiki chache tu kabla Chiang hajang'atuka urais Januari 21.

Watetezi wa Li, wanaosema amani iliuawa na wateule wa Chiang, huanzia hapo, na hoja yao ina uzito. Chiang alirudi kwao Xikou, eti kupumzika, ila uongozi wa chama cha Kuomintang hakuuachia. Majeshi ya Nanjing na Shanghai yalikuwa chini ya mtu wake, Tang Enbo. Dhahabu ya Benki Kuu ilishaanza kuvushwa kwenda Taiwan tangu Desemba. Hata Zhang Zhizhong, mkuu wa ujumbe wa amani wa serikali, alipitia Xikou kabla ya kwenda Beiping (Beijing ya leo), jambo lililomuudhi sana Zhou Enlai, mjumbe mkuu wa Wakomunisti. Ukiwa Zhou, utaamini saini ya nani?

Lakini tuseme Li angeachiwa kila kitu. Wakomunisti walikuwa wameshinda vita kubwa ya Huaihai, na Beiping imeshaangukia mikononi mwao. Sharti la kwanza kati ya 8 ya kiongozi wao, Mao, lilikuwa kuwaadhibu wahalifu wa vita, na kwenye orodha yao ya watu 43 Li mwenyewe alikuwa wa pili, nyuma ya Chiang. Li alitaka mto Yangtze uwe mpaka. Wakomunisti walitaka kuuvuka, kwa heri au kwa shari. Rasimu yao ya mwisho ya mkataba, ya Aprili 15, yenye vifungu 24, ilipewa siku tano ijibiwe. Kwangu mimi hiyo ni hati ya kusalimu amri.

Kwa hiyo siamini kwamba uteuzi wa Chiang ndio ulioua amani. Ulichoua ni karata pekee ya Li: mto wenyewe. Li alitaka Yangtze ilindwe. Tang, kwa maagizo ya Chiang kutoka Xikou, alirundika nguvu Shanghai. Serikali ilikataa rasimu Aprili 20, na siku tatu baadaye Nanjing ikaanguka. Zhang Zhizhong hakurudi. Alibaki Beiping, na baadaye serikali mpya ikampa vyeo.